Taarifa zako, simu yako, shamba lako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya ni kwa wakulima, mawakala wa fedha, viongozi wa vikundi na watumishi wa vijiji, kuanzia Kilolo na Mufindi hadi Rungwe, Mbozi na Tunduma. Kuna swali moja utaliona likijirudia: taarifa ikikosewa, nani analipia kosa hilo, aliyeandika au aliyeandikwa? Mara nyingi ni aliyeandikwa, na ndiyo maana tunashauri uulize kabla ya kidole chako kuwekwa kwenye mashine.

Mimi ni mkulima wa viazi tu. Nina taarifa gani ya kuibiwa?

Unazo nyingi. Hata kitochi, simu ndogo ya vitufe, kinaacha alama: umempigia nani, saa ngapi, kupitia mnara upi, umetuma shilingi ngapi, umenunua umeme wa kiasi gani. Mtu akizikusanya za miezi sita anajua unavuna lini, unaishiwa mwezi gani na mnunuzi wako ni nani. Mkopeshaji anazitaka, muuza pembejeo anazitaka, na tapeli naye anazitaka.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hutumwa kwa kubahatisha kwa watu wengi, na mmoja akiwa kweli anadaiwa na mtu, ujumbe umemaliza kazi. Ujumbe unaokutaja jina, kiasi ulichotoa na wakala uliyetoa kwake haukubahatisha. Chanzo kimojawapo cha kawaida ni daftari la wakala: jina, namba ya simu, kiasi, saini, vyote vimelala wazi juu ya meza. Anayesubiri foleni pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, anapiga picha ukurasa mzima na hakuna anayegundua. Wakala, kata kadibodi ukubwa wa daftari, toboa dirisha la mstari mmoja, na mteja aone mstari wake tu. Daftari lililojaa lifungiwe kabatini. Lisiwekwe chini ya meza likingoja kuwashia jiko.

Sheria inasemaje, na inanisaidia nini?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Juu yake kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa awe amesajiliwa na Tume, akuambie anazitaka kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, na asichukue zaidi ya zinazohitajika. Wewe unaweza kuomba kuziona, kudai zirekebishwe, kukataa kutumiwa matangazo, kupinga uamuzi unaokuumiza uliofanywa na mashine peke yake, na kudai fidia ukidhurika.

Udhaifu wake tunauona hapa: kila kitu kinaanza na wewe kulalamika, na kulalamika kunahitaji karatasi. Andika barua nakala mbili kwa taasisi husika. Taja tarehe, taarifa gani, kosa gani na unataka nini. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu au wakikujibu ovyo, peleka malalamiko kwenye Tume ukiambatanisha nakala hiyo na picha za skrini zinazoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa. Kosa kubwa ambalo watu hulifanya ni kufuta ujumbe wa matusi au vitisho kwa hasira. Ushahidi umeondoka nao.

Kwa nini mnasema namba ya NIDA si ya kumpa kila mtu? Si namba tu?

Itazame vizuri hiyo namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20. Nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Tano zinazofuata zinahusu eneo. Kwa hiyo ukimpa mtu namba umempa na tarehe ya kuzaliwa, ambayo ni mojawapo ya maswali unayoulizwa ili kuthibitisha kwamba ni wewe.

Kuna jambo baya zaidi. Watu wengi wameweka mwaka wa kuzaliwa kuwa namba ya siri ya fedha kwenye simu. Tarakimu nne za kwanza za NIDA ndizo hizo hizo. Mwenye kopi ya kitambulisho chako na simu yako kwa dakika mbili hahitaji utaalamu wowote. Kama namba yako ya siri ni mwaka wako, wa mwanao au wa ndoa, ibadilishe leo.

Kopi za kitambulisho nitoe wapi? Steshenari ndiyo ninayoitegemea.

Steshenari itumie, ila kwa utaratibu. Wengi hutuma picha ya kitambulisho kwenye WhatsApp ya duka ili ichapwe. Ukifuta kwa wote kwenye simu yako, ile iliyokwisha kupakuliwa kwenye kompyuta ya duka inabaki kwenye folda ya vipakuliwa, pamoja na za watu wengine mia. Simama pale, mwombe kijana afute faili kisha amwage kapu la taka la kompyuta. Hawakatai ukiomba kwa upole.

Kopi iliyotoka imefifia au imepinda, ondoka nayo. Karatasi hizo ndizo zinazokuja kufungiwa karanga stendi. Na kila kopi unayoitoa, ichore mistari miwili ya mshazari na uandike katikati yake kazi yake na tarehe, mfano "Kwa maombi ya mkopo wa AMCOS tu, 4/3" (AMCOS ni chama cha ushirika cha wakulima). Maandishi yapite juu ya picha na namba bila kuzifunika, ili kopi isiweze kutumika mahali pengine.

Nitajuaje laini ngapi zimesajiliwa kwa jina langu?

Piga *106# na ufuate menyu hadi kwenye kipengele cha kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Rudia kwa kila mtandao unaoutumia. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la mtandao huo na kitambulisho, uikane, na udai uthibitisho kwamba imeondolewa. Usiishie kwa wakala wa mwavuli.

Namba hizo zinatoka wapi? Usajili kwa alama za vidole ulianza 1 Mei 2019, na kuanzia 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Ulikusudiwa kuondoa laini za matapeli. Matapeli wakahamia kwenye vidole vya watu wengine. Kijana anayesajili anakuambia "haijasoma, weka tena", unaweka tena, na mara ya pili inasajili laini ambayo huijui. Kabla ya kurudia, omba uone kilichoandikwa kwenye skrini. Ikionyesha imekubali, usiweke tena hata akisisitiza. Laini hiyo ikitumika kwa utapeli, polisi wataanza na jina lako.

Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Ikiwa hela imeshaondoka, piga 100 kwanza, kwa sababu kila dakika inayopita hela inaweza kuwa imeshatolewa kwa wakala.

Kidole changu hakisomi. Nimekosa nini?

Hujakosa kitu. Mashine inasoma mistari ya ngozi, na mistari hiyo inalika kwa kazi: kuchuma chai Mufindi na Rungwe, kupalilia, kufua kwa sabuni kali, kushika saruji. Uzee nao unaipunguza, na asubuhi ya baridi ya Makete ngozi inakauka kiasi kwamba hata mistari iliyopo haionekani vizuri.

Nawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, kausha, paka mafuta kidogo sana, kisha yafute yote. Mafuta yakibaki, kioo kinaona doa. Futa kioo cha mashine kwa kitambaa laini kikavu. Weka kidole bapa, si ncha, na usikandamize. Ukikandamiza mistari inalala na picha inatoka nyeusi tupu. Ikishindikana mara tatu, omba kidole kingine, maana NIDA ilichukua vyote kumi. Bado ikikataa, nenda ofisi ya NIDA ya wilaya wachukue alama upya.

Kwa wanaosimamia zoezi lolote la vidole: wekeni njia ya pili kabla hamjaanza, yaani fomu, shahidi na muhuri wa mtendaji. Mfumo usio na njia ya pili huwaacha nje wenye mikono iliyofanya kazi nyingi kuliko wote.

Kwenye mbolea ya ruzuku jina langu lina kiasi kidogo kuliko shamba langu. Kwa nini?

Mpango huo ulizinduliwa hapa Mbeya, uwanja wa Nane Nane wa John Mwakangale, 8 Agosti 2022, na msingi wake ni daftari la wakulima lililoingizwa kwenye mfumo. Makosa mengi huzaliwa pale kwenye kuingiza.

La kwanza ni ekari na hekta. Hekta 1 ni ekari 2.47. Mwenye ekari 5 akiandikwa kwa hekta anapaswa kuwa na 2. Karani akiiandika hiyo 2 mahali pa ekari, zaidi ya nusu ya shamba imepotea. La pili ni namba ya simu: umeandikishwa kwa laini uliyoipoteza, ujumbe unakwenda kwa mtu mwingine. La tatu ndilo linalotuudhi zaidi. Shamba linalimwa na mama, limeandikwa kwa jina la baba ambaye yuko machimboni Chunya. Mbolea inahitaji baba, na msimu hausubiri nauli yake.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji kabla ya mvua, si baada. Omba akusomee mstari wako wote: jina kama lilivyo NIDA, namba ya simu, ukubwa na kipimo chake, zao. Yakirekebishwa, mwambie akusomee tena kutoka kwenye mfumo, si kwenye daftari la mezani. Daftari linaweza kuwa sahihi na mfumo ukabaki vilevile.

Programu za mikopo kwenye simu: zote ni kausha damu?

Zote hapana, si kila moja ni mkopo wa riba ya kunyonya. Ila fanya hesabu kwanza. Tuseme umeomba 50,000, "ada ya huduma" ikakatwa mbele, ukapokea 38,000, na siku ya 14 unatakiwa urudishe 56,000. Wengi wanaona ongezeko la 6,000. Hesabu ya kweli ni kwamba umeshika 38,000 na unalipa 18,000 juu yake kwa wiki mbili, karibu asilimia 47. Gawanya unacholipa zaidi kwa kilichoingia mkononi. Usigawanye kwa ulichoomba.

Pili, leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yanayofanya kazi bila kibali. Tafuta jina la kampuni iliyo nyuma ya programu, maana jina la programu linabadilishwa kila mwezi, kisha uliangalie kwenye orodha ya BoT ya waliopewa leseni. Programu isiyotaja kampuni wala anwani, iache.

Tatu, ruhusa. Tangu 31 Mei 2023 Google imekataza programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma orodha ya majina na picha za simu. Kwa hiyo ukitumiwa kiungo cha kupakua faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu, kutoka nje ya duka, jiulize kwa nini wanalikwepa. Kwenye simu ingia Mipangilio, Programu, chagua programu hiyo, Ruhusa, kisha uzime Anwani (ndiyo orodha ya majina), Ujumbe, Picha na Mahali. Ikigoma kufanya kazi bila orodha ya majina, umeshajua dhamana yao ni nini: ni aibu yako mbele ya mama mkwe, mwalimu wa mtoto na mchungaji.

Kama tayari umo ndani, usianze kwa kufuta programu. Piga picha za skrini za mkataba, kiasi kilichoingia na kiasi wanachodai. Kisha zima ruhusa, ndipo ufute. Kufuta programu hakurudishi majina waliyokwisha nakili, hivyo waandikie watu wako wa karibu ujumbe mfupi kwamba wakipigiwa kuhusu deni lako wasijibu na wakutumie namba. Deni halali bado ni deni, lipa na utunze risiti. Vitisho na kusambaza picha yako ni jambo jingine, ni la polisi, Tume na BoT.

Huduma ya mkopo ya mtandao wa simu imeninyima, jirani yangu imempa. Inaamuaje?

Inapima mwenendo wa laini: umri wa laini, hela inayoingia na kutoka, vocha, marejesho ya zamani. Mwenye duka Kabwe hela yake inaingia kila siku. Mkulima wa mahindi wa Ludewa hela inaingia mara moja au mbili kwa mwaka, halafu laini inakaa kimya. Mashine inausoma ukimya huo kama umaskini au hatari, wakati mahindi yamejaa ghalani. Mama anayetumia laini ya mume ndiyo kabisa, hana historia yoyote hata kama ndiye anayesimamia hela zote za nyumba.

Unachoweza kufanya: pokea malipo ya mazao kwa laini yako mwenyewe, usibadilishe laini ovyo, na omba sababu kwa maandishi. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachokujua kwa sura bado kinakupima vizuri kuliko mashine hii, kwa sababu kinajua msimu.

Bei za mazao ninazoziona kwenye simu mbona hazifanani na za shambani?

Kwa sababu ya gunia. Bei inayotangazwa kwa kawaida ni ya kilo 100, na ndicho kipimo halali. Huko Isongole au Njombe viazi vinaondoka kwa lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kichwa cha nyavu na kushonwa juu, na Wakala wa Vipimo anapiga marufuku miaka nenda rudi.

Chukua lumbesa ya kilo 130 iliyonunuliwa kwa 65,000. Mkulima amepata 500 kwa kilo. Mkusanya taarifa akiuliza "gunia shilingi ngapi?" anajibiwa 65,000, anaandika 65,000 kwa kilo 100, na simu inaonyesha 650 kwa kilo. Kilo 30 zimetoweka kwenye takwimu. Mtu wa ofisini akilitazama jedwali anaona mkulima anapata bei nzuri, na akiulizwa bungeni atasoma namba hiyo hiyo. Aliyejibu na aliyeandika hawakudanganya. Swali ndilo halikutaja kipimo.

Ndiyo maana taarifa ya bei bila kilo haina maana. Kikundi kikinunua mzani wa kuning'iniza wa kilo 200 kimepata kitu kuliko programu yoyote ya bei. Andikeni kwa kila mauzo: tarehe, kilo halisi, shilingi, mahali ulipouzia (shambani, barabarani au sokoni), na nani aliyelipa ushuru na upakiaji. Mkiwa na mistari 40 hivyo, mna takwimu bora kuliko za simu kwa kata yenu. Debe nalo liangaliwe, maana debe la mahindi ni kilo 18 hadi 20 kutegemea ukavu na mkono wa mpimaji.

Utabiri wa hewa wa simu unakosea sana huku milimani. Tatizo ni mtandao?

Hapana. Programu nyingi za simu zinachukua mahesabu ya dunia nzima, ambayo yanaigawa ardhi katika vipande vya upande wa kilomita 9 hadi 28 hivi, na kila kipande kina kimo kimoja tu cha wastani. Mji wa Mbeya uko kwenye mita 1,700 hivi. Kilele cha Loleza, kinachouangalia mji kwa karibu, kinapita mita 2,600. Joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100, hivyo kati ya hapo na hapo kuna tofauti ya nyuzi tano au zaidi ndani ya kipande kimoja.

Usiku wa baridi kali, Juni na Julai, usiamini nyuzi 4 za simu. Hizo ni za hewa iliyo mita mbili juu ya ardhi. Anga likiwa wazi na bila upepo, majani ya chini yanaweza kuwa na nyuzi kadhaa pungufu, na hewa baridi inatiririka kujaa bondeni. Kipimajoto cha kawaida kikiwekwa kwenye kimo cha viazi vyako, bondeni, kinakupa onyo ambalo simu haiwezi.

Kampuni inasema itaona shamba langu kwa setilaiti na kunikatia bima. Inaliona kweli?

Inaliona kidogo. Picha za bure zinazotumika sana ni za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2. Pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ni mita 10 kwa 10, na picha mpya inapatikana kila siku 5 hivi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, yaani pikseli 40. Nusu ekari ya mraba ina upande wa mita 45; pikseli zilizo ndani kabisa ni 9 hadi 16, na za pembeni zimechanganya shamba lako na la jirani, njia au migomba. Ukiwa umechanganya mahindi na maharage, pikseli inaona kijani tu. Mawingu nayo: Rungwe mvua ni karibu mwaka mzima, na picha hizo hazipenyi wingu. Rada inapenya, lakini inapima mambo mengine.

Bima za aina hii mara nyingi hazilipi kwa hasara ya shamba lako. Zinalipa kipimo cha eneo kikishuka chini ya kiwango fulani. Mvua ikikunyima wewe na ikampa wa kijiji cha pili, kipimo kinasema mambo ni shwari. Kabla ya kulipa, uliza haya na majibu yaandikwe: kinapimwa nini, kwa kipande cha ukubwa gani, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, kiwango cha kulipwa ni milimita ngapi, na kama hasara yangu ni ya kweli na kipimo kinakataa, nampelekea nani?

Programu inayopiga picha jani na kutaja ugonjwa, niiamini?

Kama mshauri wa kwanza, sawa. Kama mwamuzi, hapana. Mwaka 2016 ulitoka utafiti uliofundisha mashine kwa picha 54,306 za majani kutoka mkusanyo wa PlantVillage, mimea 14. Kwenye picha zilizofanana na za mafunzo ilipata zaidi ya asilimia 99. Ilipopewa picha zilizopigwa katika mazingira mengine, ikashuka hadi asilimia 31.4. Picha za mafunzo zilikuwa za jani moja moja juu ya mandhari safi. Jani la Uyole lina udongo, kivuli, tundu la mdudu na masalia ya dawa. Programu zimeboreshwa tangu hapo, lakini chanzo cha kosa kinabaki hicho hicho.

Piga picha asubuhi kivulini, jani moja, karibu, upande wa juu na wa chini, na urudie kwa mimea mitatu. Majibu yakigongana, mwone afisa ugani.

Na kwa viazi vinavyonyauka huhitaji simu. Kata kipande cha shina karibu na udongo, sentimita 3 hadi 5, ukishikilie kikigusa maji safi yaliyotulia kwenye glasi. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe ukishuka, ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupulizia. Ng'oa na udongo wake, na eneo hilo usilipande viazi wala nyanya. Simu ikikosea hapo na kukwambia ni bakajani, utanunua dawa ya ukungu, utapulizia mara nne, na mnyauko utaendelea. Aliyetengeneza programu hatakurudishia hela ya dawa.

Akili mnemba inajua Kiswahili chetu? Na Kihehe, Kinyakyusa, Kibena?

Kiswahili inakijua kiasi, kwa sababu kimeandikwa sana mtandaoni, hasa cha magazeti. Iulize kuhusu kupalilia kwa lugha ya kijijini utaona inavyoteleza: inajibu kwa ujasiri ule ule, iwe inajua au haijui. Kipimo cha dawa ya mifugo au mimea kisichukuliwe huko. Soma kibandiko cha chupa. Lugha nyingine za huku zina maandishi machache mtandaoni, na mashine hujaza pengo kwa maneno ya lugha jirani.

Kwa hiyo watu wanakuja kurekodi. Wakija kwenu kurekodi wazee wakisimulia, ulizeni kabla: sauti zitawekwa wapi, nani ataruhusiwa kuzitumia, je kwa biashara, anayerekodiwa analipwa kiasi gani kwa saa, na mtu akibadili nia sauti yake itaondolewaje. Mradi wa Mozilla wa Common Voice, kwa mfano, unatoa sauti bure kwa yeyote anayezitaka. Ni jambo jema, lakini kikishatoka hakirudi. Mzee anayeimba nyimbo za matambiko anastahili kulijua hilo kabla ya kubonyeza kitufe.

Zahanati yetu muuguzi anaandika muda wote kuliko kutibu. Ni uvivu?

Hapana, ni kazi. Kuna vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya, kuna fomu za mwezi, kuna mfumo wa kompyuta, na kila mradi unaoingia unaleta daftari lake. Mgonjwa mmoja anaandikwa mara tatu. Kamati ya zahanati ina haki ya kuuliza kila daftari jipya: linachukua dakika ngapi kwa mgonjwa, linachukua nafasi ya lipi la zamani, na takwimu zake zitarudi lini kijijini. Daftari lisilo na jibu la swali la tatu tungelikataa.

Intaneti ikikatika siku kadhaa, kikundi kifanye nini?

Inatokea. 12 Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika na mtandao ukazorota nchi nyingi za Afrika Mashariki. 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikachukua siku kadhaa kurudi. Wekeni namba za wanachama kwenye karatasi, hela taslimu ya wiki moja ya kazi muhimu, na mkumbuke kwamba menyu za nyota na SMS hazitegemei bando. Mfumo wa kikundi uliopo kwenye wingu (kompyuta za mtandaoni) peke yake, mchape salio kila mwisho wa mwezi.

Tunatunza orodha ya wanachama 120 wa AMCOS kwenye simu ya katibu. Ni sawa?

Si sawa. Simu ikiibwa stendi, wote 120 wameibwa. Chukueni kinachohitajika tu: jina, namba ya uanachama, simu, kilo. NIDA na picha ya kitambulisho vikae kwenye faili la karatasi lililofungwa kwa kufuli, wenye ufunguo wawili. Faili la kompyuta liwe na nywila, nakala moja kwenye flashi inayokaa kwa mweka hazina. Msitume orodha nzima kwenye kundi la WhatsApp. Mwanachama aonyeshwe mstari wake. Na katibu akimaliza muda wake, makabidhiano yaandikwe kwamba amefuta nakala alizokuwa nazo. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika kila mara.

Mzee amefariki, laini yake ina hela na namba yake ndiyo iliyo kwenye mfumo wa mbolea. Tunafanyaje?

Msitumie namba yake ya siri hata kama mnaijua. Ndugu mmoja akilalamika, aliyetoa hela anageuka mtuhumiwa. Pateni cheti cha kifo cha RITA, kisha muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi, mwende Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi. Barua ya uteuzi wa msimamizi ndiyo inayopelekwa duka la mtandao pamoja na vitambulisho, nao watatoa salio. Laini msiiache ife yenyewe. Ikikaa muda mrefu bila kutumika huuzwa upya, na mwenye laini mpya ataanza kupokea ujumbe wa mbolea, wa benki na wa kikundi. Wakati mirathi inaendelea, mtendaji wa kijiji aandikiwe barua abadilishe jina na namba kwenye daftari la wakulima, maana usajili wa msimu hausubiri mahakama.